Holywell: Maji ya Winefride na Mikono ya Watu

Ukiondoka Chester kwa treni kuelekea pwani ya kaskazini ya Wales, haupiti muda kabla mdomo wa mto Dee haujafunguka upande wa kulia. Siku niliyosafiri maji yalikuwa yamekupwa, na tope lilitanda hadi ng'ambo, upande wa Uingereza. Nilishuka Flint, mji wenye magofu ya ngome ambayo Mfalme Edward I alianza kuijenga mwaka 1277 alipokuwa akiiteka Wales. Zamani msafiri angeweza kuendelea na reli hadi karibu zaidi, lakini stesheni ya Holywell ya njia hii kuu ilifungwa mwaka 1966. Kwa hiyo nikapanda basi, likapandisha kilima polepole, na baada ya muda mfupi nilikuwa Holywell, mji ambao wenyeji wanaosema Kiwales huuita Treffynnon.

Hija si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Wanaokusanyika Namugongo, Uganda, kila tarehe 3 Juni wanajua uchovu wa kutembea kwa nia, na wanajua furaha ya kufika. Lakini Holywell ina sifa ambayo ni vigumu kuipata mahali pengine katika Uingereza na Wales. Sehemu nyingine za hija za zama za kati zilivunjwa katika karne ya 16, nyingi zikabaki magofu au makumbusho. Hapa watu hawakuacha kuja. Mapokeo husema mahujaji wamefika kwenye chemchemi hii kwa zaidi ya miaka 1,300, na kumbukumbu zilizoandikwa zinaunga mkono sehemu kubwa ya dai hilo. Nilitaka kuona kwa macho yangu ni nini kilichowarudisha watu hapa, kizazi baada ya kizazi.

Jengo halijionyeshi kwa mbali. Limekaa kwenye mteremko chini ya mji, jirani na kanisa la parokia la Mtakatifu James, na mgeni anaingia kupitia nyumba iliyojengwa zama za Malkia Victoria kwa ajili ya mtunzaji. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho ndogo. Ukiipita unatokea kwenye uwanja wenye nyasi. Mbele yako kuna bwawa la mstatili lenye ngazi za mawe, na nyuma ya bwawa kuna matao yaliyofunika chemchemi yenyewe. Juu ya matao hayo, kama ghorofa ya pili, limekaa kanisa dogo lenye madirisha marefu.

Kisa cha mahali hapa husimuliwa hivi. Karibu na mwaka 660 aliishi binti aitwaye Winefride, au Gwenfrewi kwa Kiwales, aliyekuwa amejiweka wakfu kwa Mungu. Siku moja mtoto wa mtawala mmoja, Caradoc, alimkuta peke yake na kumtaka kwa nguvu. Binti akakimbilia kanisani kwa mjomba wake, Mtakatifu Beuno. Caradoc akamfukuza, akamfikia kabla hajaingia mlangoni, akamkata kichwa kwa upanga. Kichwa kikabiringika mteremkoni, na pale kiliposimama maji yakabubujika kutoka ardhini. Beuno akatoka, akakiokota kichwa, akakiunganisha na mwili, akaomba. Winefride akafufuka, akabaki na mstari mweupe shingoni maisha yake yote. Caradoc alianguka papo hapo, ardhi ikammeza. Kabla ya kuondoka, Beuno aliketi juu ya jiwe na kuahidi kwamba atakayeomba mahali hapo mara tatu kwa jina la Winefride atapewa anachokiomba, ikiwa Mungu ameona chamfaa. Winefride akawa mtawa, baadaye akaongoza nyumba ya watawa wa kike huko Gwytherin, akafia na kuzikwa huko.

Waliokiandika kisa hiki kwa kirefu walikiandika katika karne ya 12, karibu miaka 500 baada ya mambo wanayoyasimulia. Mmoja wao alikuwa Robert, mkuu wa watawa wa Shrewsbury, ambao mwaka 1138 walikwenda Gwytherin wakachukua mifupa ya Winefride na kuipeleka kwenye abasia yao. Kisima chenyewe kilikwisha kutajwa mwaka 1093, kilipotolewa kwa abasia ya Mtakatifu Werburgh ya Chester. Mwaka 1240 mwana mfalme wa Wales, Dafydd ap Llywelyn, alikiweka chini ya watawa wa Basingwerk, abasia iliyokuwa bondeni karibu na mto Dee. Watawa hao walikitunza kwa karibu miaka 300.

Wafalme nao walikuja. Mwandishi wa kumbukumbu Adam wa Usk ameandika kwamba Mfalme Henry V, baada ya kuwashinda Wafaransa kwenye vita vya Agincourt mwaka 1415, alitembea kwa miguu kutoka Shrewsbury hadi Holywell kutoa shukrani. Huo ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Mfalme alikuwa na farasi, lakini sheria ya hija haina cheo: anayeomba huja kwa miguu yake, au hubebwa na anayempenda.

Jengo linaloonekana leo lilijengwa karibu na mwaka 1500. Mapokeo humtaja Lady Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry VII, kuwa ndiye aliyeligharamia, ingawa baadhi ya wanahistoria huona mkono wa watawa wa Basingwerk pia. Alama za ukoo wa Stanley, ukoo wa mume wake Margaret, zimechongwa kwenye mawe. Nilizunguka chini ya matao nikiinua shingo, maana hapa mafundi walisema kwa jiwe mambo ambayo wengi wa waliokuja wasingeweza kuyasoma kitabuni.

La kwanza ni mpangilio wenyewe. Chini kuna maji, juu kuna altare. Mgonjwa aliyesimama ndani ya maji alikuwa na kanisa juu ya kichwa chake, na padre aliyesali Misa alikuwa na chemchemi chini ya miguu yake. Mjenzi angeweza kuviweka viwili hivi ubavu kwa ubavu, kama ilivyofanywa kwenye visima vingine vingi vya Ulaya. Hapa alivibebanisha, mwili na sala vikawa ndani ya kuta zilezile.

La pili ni beseni la chemchemi. Maji yanatokea katikati ya shimo la mawe lenye umbo la nyota, na kutoka kwenye ncha za nyota zinapanda nguzo nyembamba zinazotawanyika juu na kuwa mbavu za dari. Ukitazama kutoka kwenye maji kwenda juu, jicho lako linafuata jiwe moja bila kukatika hadi katikati ya dari, ambako kumening'inia kifundo kikubwa cha jiwe chenye michoro ya maisha ya Winefride. Kisa chake kimewekwa juu kabisa ya mahali maji yanapotokea, ili anayeingia majini awe anaingia ndani ya kisa hicho.

La tatu ndilo lililonishika zaidi. Kati ya sanamu ndogondogo za wanyama na watu zilizochongwa huko juu, iko moja ya mtu aliyembeba mwenzake mgongoni. Ni hujaji mzima anayemleta mgonjwa majini. Haina jina, haina taji, na mtu anaweza kuipita bila kuiona. Kwangu mimi hiyo ndiyo muhtasari wa mahali pote. Alama za ukoo zinatuambia ni nani aliyelipia mawe. Sanamu hii inatuambia mawe hayo yalikuwa ya nani.

Kuta za chini zimejaa herufi za majina zilizokwaruzwa na watu waliopita, baadhi yake zikiwa za shukrani. Ndani ya makumbusho kuna magongo yaliyoachwa na watu waliosema hawakuyahitaji tena. Sikuja kupima miujiza, na sina mizani ya kuipimia. Ninachoweza kusema ni kwamba gongo la kutembelea ni kitu ambacho maskini haachi hivihivi.

Desturi ya kuoga ni ya zamani na bado ipo. Hujaji hupita majini mara tatu akisali, kisha humalizia sala zake akiwa amepiga magoti juu ya jiwe la Beuno, ambalo limo ndani ya bwawa la nje. Nilikuta familia moja imefika kwa ajili hiyo. Kijana alimshika mama yake mkono mmoja, dada yake akamshika mwingine, wakateremka ngazi hatua kwa hatua. Maji ni baridi sana, na yule mama alishtuka, lakini hakurudi nyuma. Walipomaliza walimfunga taulo, wakaketi kwenye benchi bila haraka. Nami nilijaza chupa yangu, nikanywa, nikasali sala niliyokuja nayo.

Kwenye mawe ya chini utaona madoa mekundu. Kwa karne nyingi mahujaji waliyaona kuwa damu ya Winefride, na manukato ya mimea midogo ya kijani iliyokuwa ikiota pembeni waliyahesabu kuwa harufu ya utakatifu wake. Katika karne ya 18 Thomas Pennant, mtaalamu wa viumbe aliyezaliwa mwaka 1726 huko Downing, karibu na Holywell, alieleza kwamba wekundu huo ni kiumbe kidogo cha jamii ya mwani na kwamba ile yenye harufu ni mimea ya majimaji. Naona maelezo yake hayakuondoa kitu. Watu walioona damu kwenye jiwe walikuwa wanasema kwamba binti aliyedhulumiwa hasahauliki, na hilo ni kweli hata kama doa ni mwani.

Kisha ikaja karne ya 16. Mfalme Henry VIII, mjukuu wa Margaret Beaufort, alijitenga na Roma. Abasia ya Basingwerk ikafungwa, na mwaka 1540 abasia ya Shrewsbury nayo ikafungwa na kaburi la Winefride lililokuwa humo likavunjwa. Kidogo sana kilibaki cha mifupa yake. Hija ikawa kosa. Kwa kufuata mantiki ya watawala, Holywell ilipaswa kufa pamoja na nyingine.

Haikufa, kwa kuwa watu waliendelea kuja. Wajesuiti waliifanya nyumba ya wageni iitwayo Star kuwa kituo chao cha siri, na mapadre wengine wakatumia ile ya Cross Keys. Mjesuiti Edward Oldcorne alisema kuwa aliponywa kansa ya koo baada ya hija ya Holywell, na mwaka 1606 akanyongwa Worcester katika msako uliofuata njama ya Wakatoliki wachache ya kulipua Bunge kwa baruti. Tarehe 3 Novemba 1629, sikukuu ya Winefride, mpelelezi wa serikali aliripoti kwamba aliona walei 1,400 au 1,500 na mapadre 150 au zaidi. Katika karne hiyohiyo sanamu ya mtakatifu iliharibiwa, na iliyopo sasa iliwekwa mwaka 1886. Katika miaka ya 1680 Mfalme James II, aliyekuwa Mkatoliki, alikuja kuomba yeye na mkewe Mary wa Modena wapate mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa Juni 1688, na kabla mwaka huo haujaisha baba yake alikuwa amekimbia nchi. Kanisa la juu nalo lilitumika kwa kazi nyingine, likiwamo darasa la shule. Chini, watu walizidi kuoga.

Ningeweza kuishia hapo na kurudi Flint na moyo uliotulia. Lakini maji ya Winefride hayaishii bwawani. Yanatoka upande wa pili na kuteremka bondeni zaidi ya kilomita moja hadi mto Dee, na nilitaka kuyafuata. Siku hizi kuna njia ya miguu kwenye tuta la reli ya zamani, imefunikwa na miti, na pande zote mbili kuna mabwawa na magofu ya matofali. Hili ni bonde la Greenfield.

Watawa wa Basingwerk walikwisha kuyatumia maji haya kuendeshea vinu vyao. Lakini katika karne ya 18 wafanyabiashara waliona kwamba chemchemi hii haikauki kiangazi wala haigandi wakati wa baridi kali, nayo ina nguvu ya kuzungusha gurudumu moja baada ya jingine hadi mtoni. John Smalley, aliyekuwa mshirika wa Richard Arkwright, alijenga hapa kiwanda cha kusokota pamba mwaka 1777. Kingine kikubwa kilifuata mwaka 1785, na ukuta wake bado umesimama. Karibu yake vilikuwapo viwanda vya shaba. Mabamba ya shaba ya kufunikia matumbo ya merikebu yalitengenezwa humo, na nyundo nzito zilizoendeshwa na maji zilitandaza shaba ya njano kuwa masufuria na mabeseni.

Na bidhaa hizo zilikwenda wapi? Jibu limo kwenye kumbukumbu za Bunge la Uingereza. Mwaka 1788, Bunge lilipokuwa likijadili sheria ya kudhibiti biashara ya watumwa, Thomas Williams, tajiri wa shaba wa Anglesey na mwenye viwanda vya Greenfield, aliwasilisha ombi la kuipinga. Alieleza kuwa yeye na washirika wake walikuwa wamewekeza pauni 70,000 katika viwanda vya Holywell, Penclawdd na Temple Mills, vya kutengeneza bidhaa za soko la Afrika tu, ambazo hazikuwa na mnunuzi mwingine. Miongoni mwa bidhaa hizo zilikuwamo bangili za shaba zilizotumika kama fedha kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Kwa bangili hizo watu walinunuliwa. Pamba iliyosokotwa jirani ilitegemea kwa kiasi kikubwa mashamba yaliyolimwa na watumwa hao ng'ambo ya bahari.

Nilisimama muda mrefu kwenye magofu ya kiwanda cha nyundo. Mimi ni Mwafrika niliyekuwa nimekunywa maji ya kisima asubuhi ileile. Kisima ni kilekile. Kule juu mtu anabebwa mgongoni ili apone, na chini ya mteremko nguvu ya maji ya kisima hichohicho ilifua shaba ya kumnunulia mtu mwingine minyororo. Bonde hili limetunzwa vizuri kama hifadhi ya historia, nami nawashukuru waliolitunza, kwa kuwa bila kuta hizi tungebaki na kisima peke yake, na kisima peke yake kingesema nusu ya habari.

Habari ya tatu ya maji haya ni ya mwaka 1917. Milima ya nyuma ya mji ina madini ya risasi, na kampuni ya migodi ilikuwa ikichimba handaki refu la kuondoa maji kwenye machimbo. Mnamo Januari mwaka huo handaki liligonga mkondo wa chini ya ardhi ulioilisha chemchemi. Chemchemi iliyosifiwa kwa kutokauka ikakauka. Viwanda vya bondeni vilivyoitegemea vilipata pigo. Wenye kisima walihangaika kwa miezi kadhaa, hadi mwaka huohuo yakapatikana maji ya chanzo kingine cha chini ya ardhi, yakaelekezwa kwenye beseni la nyota. Ndiyo yanayobubujika leo, kwa nguvu ndogo kuliko ya kale.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lililonileta. Nilidhani kinachowarudisha watu Holywell ni maji. Lakini maji ya Winefride yaliondoka mwaka 1917, na hija haikuondoka. Nilidhani labda ni masalia, lakini kaburi lilivunjwa mwaka 1540. Wala si jengo, maana jengo lilishapokonywa na kufanywa shule. Kila kitu ambacho mtu angeweza kukiita kiini cha mahali hapa kilichukuliwa wakati mmoja au mwingine. Kilichobaki bila kuchukuliwa ni yule mwenye kumbeba mwenzake, aliyechongwa juu ya chemchemi karibu na mwaka 1500 na ambaye nilimwona akiteremka ngazi akiwa amemshika mama yake mkono.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mahali hufanywa patakatifu na ardhi yake. Ardhi ya Holywell ilitoa maji bure, kwa watakatifu na kwa wafanyabiashara wa watu, bila kuchagua. Watu ndio waliochagua yawe nini. Waliochagua kuyafanya dawa ya wagonjwa waliendelea hata sheria ilipowakataza na hata mkondo ulipokatika. Waliochagua kuyafanya mashine ya kufulia bangili za utumwa walipata utajiri mkubwa, na leo viwanda vyao ni magofu ambamo wageni hupita wakisoma vibao.

Ukijaliwa kufika kaskazini ya Wales, panda basi kutoka Flint uende Holywell. Oga ukiweza kuvumilia baridi, sali ukiwa mtu wa sala, na inua macho umtafute yule mbebaji kwenye mawe. Lakini usiishie kisimani. Shuka bonde lote hadi magofu ya abasia ya Basingwerk kando ya mto Dee, usome kila kibao njiani. Njia nzima haichukui hata saa moja kwa miguu, na historia ya hija ya Holywell haijakamilika kwa mtu aliyeona nusu yake ya juu tu.